Kabla ya kumlaumu mtu wa programu, hesabu meno ya mkanda

Wadau, tuseme ukweli. Roboti yetu ikishindwa kurusha mpira mashindanoni, wa kwanza kusemwa ni mtu wa programu. Msimu uliopita mwenzetu alikesha akibadilisha programu mpaka alfajiri, kumbe mkanda wa meno, ule mafundi gereji wanaouita taimingi belti, ulikuwa unaruka meno kila mota inapoanza kwa nguvu.

Kosa lilikuwa letu sisi wajenzi. Tulitoboa fremu kwanza, ndipo tukatafuta mkanda wa kutosha. Mkanda huu ni duara lililofungwa, haukatwi kama kamba. Chukua mkanda wa meno 100, kutoka jino hadi jino milimita 5, na puli mbili za meno 20: 100 toa 20, zidisha kwa 5, gawanya kwa 2. Shafti zikae milimita 200. Basi, hesabu ya dakika moja tu!

Kuna wanaosema, "Tuweke mnyororo, ndio imara." Kwa mkono unaonyanyua mzigo polepole, sawa. Lakini puli ya meno 24 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mkanda unakimbia mita 12 kwa sekunde. Hapo mnyororo ni mzito na unatikisa. Mkanda ndio wenyewe, mradi meno yasiyopungua 6 yashike puli ndogo. Mzigo ukizidi, ongeza upana kutoka milimita 9 hadi 15.

Msimu huu mkanda uchaguliwe kwanza, fremu ichorwe baadaye. Na yule mwenzetu tumwombe radhi. Usiku ule alistahili kulala.