Mapatano Juu ya Mgongo wa Mwingine

Wako wasemao kwamba kila mapatano ni amani. Tunakataa. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alipatana na Morice, mfanyabiashara Mfaransa: watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20. Wawili hao waliridhiana, waliouzwa hawakuulizwa. Hata leo, binti akinajisiwa, wazee wa pande mbili hukaa barazani, fedha hutolewa, hupokewa, kisha husemwa, "Yamekwisha." Yamekwisha kwa nani? Mapatano ya kweli huanza kwa kumsikiliza aliyeumizwa, na kila mmoja huachia kilicho chake. Anayeachia haki ya mwenzake hakupatanisha, ameuza. Vikao vya namna hiyo tusiviite suluhu, wala tusivibariki kwa ukimya wetu.