Namba 4 Ifungiwe Kabatini?



Wengi mmeshasikia mabishano ya timu yetu ya mpira, maana hata kwenye foleni ya maji yanaendelea. Beki wetu wa kati, yule wa namba 4, goti limemshinda na ameacha kucheza. Namba hiyo ameivaa miaka 11. Sasa wachezaji wa zamani wanataka jezi yake ikunjwe, iwekwe kabatini, na mtu mwingine asiivae tena. Vijana wanakataa. Sisi walimu wa kujitolea ndio tunaotunza jezi (na kuzifua pia, msisahau), kwa hiyo tumeulizwa maoni yetu.

Kwanza tuseme haki yake. Timu ilipokuwa haina viatu, alicheza peku. Walipokuja watu wa timu moja ya mjini wakamwahidi posho, alienda kuwasikiliza, jioni akarudi kwa boda, na kesho yake alikuwa mazoezini. Makipa wetu wawili wamepelekwa nchi za mbali, makapteni watatu wamerudi Kongo, washambuliaji hata hesabu tumeipoteza. Yeye alibaki palepale katikati. Mabao hakufunga mengi. Penalti alikosa mbili, na hizo ndizo mnazozikumbuka kuliko mazuri yake yote!

Desturi hii ya kustaafisha namba haikuanzia kwenye mpira wetu wa miguu. Ilitoka kwenye hoki ya barafuni, mchezo unaopendwa sana Kanada, huko ambako baadhi ya jamaa zetu wamehamia. Watu wanateleza juu ya barafu na viatu vyenye chuma chini, wanagombania kitu kidogo cha duara kwa magongo, na wanagongana kweli kweli. Mwezi wa Desemba 1933 mchezaji wa Toronto Maple Leafs, Ace Bailey, aligongwa kwa nyuma kule Boston, akaanguka, fuvu la kichwa likapasuka. Alipona, lakini hakucheza tena. Februari 1934 ikachezwa mechi ya kumchangia pesa, na timu yake ikasema namba 6 haitavaliwa tena. Bailey alikuwa mfungaji hodari, msimu wa 1928-29 aliongoza ligi nzima. Lakini namba yake haikuwekwa kando kwa sababu ya mabao. Iliwekwa kwa sababu mwenzao aliumia akiwa kazini.

Baadaye sababu zikawa nyingi. Wayne Gretzky alipoacha hoki mwaka 1999, namba yake 99 ilifungwa kwenye ligi nzima, timu zote, na yeye alikuwa amechezea timu nne. Hapo hatuzungumzi uaminifu, ni ukubwa wake tu. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alipofariki uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, Manchester City waliifunga namba 23 aliyokuwa akivaa kwao. Hiyo ilikuwa maombolezo. Aliye karibu na mtu wetu ni Paolo Maldini, ambaye maisha yake yote ya mpira alikuwa AC Milan mpaka 2009. Namba 3 yake ilifungwa, lakini wakaacha mlango wazi kwa wanawe kama wangekuja kucheza pale.

Sasa turudi kwetu, tuhesabu. Seti yetu ilikuwa jezi 15. Moja ilipotea tulipokwenda kucheza Rhino Camp, zimebaki 14. Tukifungia moja, ni 13, yaani wachezaji 11 na wa akiba wawili. Kijana mmoja wa miaka 17 alikuja kwetu darasani akatuuliza: «Mwalimu, mukifunga ile jezi, mimi nitavaa nini? Shati ya shule?» Na mzee wa timu akamjibu palepale: «Ile namba ni ya mukubwa wako. Mutoto wa jana hawezi kuivaa.» Tuliwatenganisha.

Hata wakubwa wa dunia walibanwa na hesabu kama hii. Argentina walitaka kwenda Kombe la Dunia la 2002 bila namba 10, kwa heshima ya Maradona. FIFA wakakataa, orodha lazima ifuatane 1 mpaka 23, na Ariel Ortega akaivaa. Sidhani Maradona alipungukiwa kitu.

Kinachotusumbua sisi ni kingine. Wazee wetu wa Kongo wanamjua Ndaye Mulamba. Mwaka 1974 kule Misri, kwenye Kombe la Afrika, alifunga mabao 9 katika mashindano yale pekee, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Fainali na Zambia ilikuwa 2-2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2-0, na mabao yote manne ni yake. Mwaka huohuo kwenye Kombe la Dunia alivaa namba 13, na mchezo wa Yugoslavia akapewa kadi nyekundu kwa teke alilopigwa refa na mtu mwingine. Mwepu Ilunga, mwenye namba 2, alisema baadaye kwamba ni yeye. Basi namba iko mgongoni, kubwa, na bado watu hawakuona!

Mwaka 1994 Ndaye alipewa heshima huko Tunisia. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia wakampiga risasi mguuni, na baadaye akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja kumwombolezea. Kumbe alikuwa hai, yuko Cape Town anatafuta vibarua. Alifariki kweli Januari 2019. Mtu kama huyo jezi iliyokunjwa ingemsaidia nini? Alihitaji watu wanaojua yuko wapi na amekula nini.

Mzee mmoja mwenyeji wa hapa Vurra, ambaye naye alikuwa mkimbizi upande wa Zaire baada ya 1979, alitusikiliza tukibishana halafu akauliza: «Panya wakila hiyo jezi, mtakumbuka nini?» Hatukuwa na jibu. Timu yetu haina hata daftari. Nani alicheza mwaka gani, nani alifunga, iko vichwani mwa watu tu, na watu wenyewe kila mwezi wanapanda lori au ndege.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Anastahili heshima, tena apewe sasa akiwa hai na anasikia. Lakini jezi isifungiwe. Tutanunua daftari gumu, na ukurasa wa kwanza utakuwa wake, na zile penalti mbili tutaziandika pia. Na namba 4 aitoe yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa mtu anayemtaka. Hata kule Toronto ilikuwa hivyo: mwaka 1968 Ace Bailey mwenyewe aliomba namba 6 apewe kijana aitwaye Ron Ellis, kwa sababu alipenda anavyocheza. Namba ikarudi uwanjani, na Bailey alikuwepo kuiona.

Halafu kuna jambo moja tuliloligundua tukiandika ukurasa huu. Wiki tatu za mabishano, na hakuna mtu aliyeenda kumwuliza mwenye namba anataka nini. Yuko nyumbani kwake, goti amelifunga kitambaa, anasikia kelele tu. Jumamosi baada ya mazoezi tutaenda kwake, wakubwa na vijana pamoja. Mwenye kiti cha ziada abebe, kwake viko viwili tu.