Nani Atamfukuza Anayefukuza?

Habari ilitufikia Mwanjelwa mwishoni mwa Novemba 2024, nayo haikutushtua hata kidogo. Singida Black Stars ilikuwa imeachana na kocha wake Mbelgiji, Patrick Aussems, ligi ikiwa haijafika nusu na timu ikiwa miongoni mwa zile za juu kwenye msimamo. Pale kwa fundi viatu, ninapokaa jioni tangu nistaafu ualimu, mzee mwenzangu mmoja alikunja gazeti akasema, "Mzungu kala hela, kaondoka. Wapewe wazawa." Wote wakaitikia. Mimi nilikaa kimya, na ukimya huo umeniudhi hata nikaona afadhali niandike.

Ndugu msomaji, utaniuliza: Singida kunahusu nini Mbeya? Kunahusu sana. Singida Black Stars ndiyo ile Ihefu yetu ya Mbarali. Ndiyo timu iliyokuwa ikichezea pale Highland Estates, Ubaruku, mashamba ya mpunga yakiwa hatua chache tu kutoka uwanjani. Ndiyo iliyoifunga Yanga 2-1 tarehe 29 Novemba 2022, Yanga ikiwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 wakaja tena, wakafungwa tena 2-1. Miezi michache baadaye timu ilihamishiwa Singida, na msimu wa 2024/25 ikaanza kwa jina jipya. Mkulima wa Ubaruku, aliyekuwa akipaki baiskeli yake kwenye ukuta wa uwanja, hakuulizwa na mtu. Kwa hiyo kocha alipofukuzwa kule, nilijiona nami nina haki ya kusema neno, kama mtu anayesikia ng'ombe wake aliyepelekwa mbali anapigwa.

Tuanze na mtu mwenyewe. Aussems alizaliwa Ubelgiji mwaka 1965, akacheza beki. Alipita Standard Liège na Gent za kwao, akamalizia Troyes ya Ufaransa. Hakuwa nyota wa kuandikwa kwenye fulana. Alipoacha kucheza akawa mwalimu wa mpira wa kutembea: timu ya taifa ya Nepal, AC Léopards ya Kongo-Brazzaville, Al-Hilal ya Sudan. Julai 2018 akaja Simba, ambako mashabiki walimbatiza Uchebe kwa zile ndevu zake. Baada ya Simba alikwenda Black Leopards ya Afrika Kusini, halafu AFC Leopards ya Kenya, ndipo akarudi kwetu.

Wapo watakaosema kwamba mtu wa kuhamahama hivi hana lolote, angekuwa mzuri angebaki kwao. La hasha. Mimi nilicheza namba tano shuleni na baadaye kwenye timu za mitaani hapa mjini, na ninaijua kazi ya beki. Mshambuliaji akikosa mara nne akafunga mara moja, anabebwa mabegani. Beki akipatia dakika 89 akakosea moja, anasindikizwa kwa matusi hadi nyumbani. Mtu aliyeishi hivyo miaka kumi, akatoka na moyo wa kuwafundisha wengine ugenini, katika lugha asiyoijua, chini ya viongozi asiowajua, huyo si wa kuitwa mla hela kabla hujatazama kazi yake.

Na kazi yake tuliiona. Msimu wa 2018/19 Simba iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Iliwafunga JS Saoura wa Algeria 3-0 nyumbani. Halafu ikaenda Kinshasa, AS Vita wakaipiga 5-0. Ikaenda Misri, Al Ahly wakaipiga 5-0. Mabao kumi katika safari mbili! Hapa Mbeya watu walicheka hadi machozi, na wanaSimba walikuwa wakipita vichochoroni. Kwa desturi za mpira wetu, kocha huyo alipaswa afungashiwe virago hata kabla ndege haijatua. Safari hii, sijui kwa bahati gani, viongozi walitulia. Siku kumi tu baadaye, tarehe 12 Februari 2019, Al Ahly walewale wakaja Dar es Salaam wakafungwa 1-0, bao la Meddie Kagere. Machi wakaja Vita walewale, wakafungwa 2-1, Clatous Chama akifunga dakika za mwisho. Simba ikaingia robo fainali.

Ukiyahesabu mabao utashangaa: kwenye kundi ilifunga 6 na kufungwa 13. Beki mstaafu gani huyu, timu yake inaokota mpira wavuni mara 13 na bado inasonga mbele? Jibu ni kwamba aliijua timu yake. Ugenini haikuwa na uwezo, Saoura nao waliifunga 2-0 kwao. Nyumbani ilikuwa chuma, nayo ilikusanya pointi zake zote 9 hapo nyumbani. TP Mazembe ndio walioisimamisha, 0-0 Dar na 4-1 Lubumbashi. Ligi ya ndani akaichukua kwa pointi 93.

Agosti 2019 Simba ikatolewa mapema na UD do Songo ya Msumbiji, 0-0 kwao na 1-1 Dar, kwa sheria ya bao la ugenini. Mwisho wa Novemba mwalimu akaondolewa, timu yake ikiwa inaongoza ligi. Bao la Songo siku ile lilifungwa na kijana aitwaye Luis Miquissone. Kabla msimu haujaisha Miquissone alikuwa anavaa jezi ya Simba. Yaani aliyetutoa tukamwajiri, na aliyetolewa tukamfukuza. Nacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Nitaambiwa: mbona Simba ilichukua tena ubingwa mwaka 2020 chini ya Sven Vandenbroeck, Mbelgiji mwingine? Ni kweli, na 2021 pia ikachukua. Sikatai kwamba timu iliyojengwa vizuri inaweza kuendelea kushinda hata ikibadilishiwa mwalimu; nyumba yenye msingi haianguki siku fundi anapoondoka. Lakini endelea kuhesabu. Baada ya Mbelgiji alikuja Mfaransa, Didier Gomes. Baada ya Mfaransa, Mhispania, Pablo Franco. Baada ya Mhispania, Mserbia, Zoran Maki. Kisha Mbrazili, Robertinho. Kisha Mwalgeria, Benchikha. Kisha Julai 2024 Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Nyufa zikitokea katikati anaitwa Juma Mgunda, mzawa, ashike ndoo mpaka fundi mwingine apatikane. Na ubingwa? Kuanzia msimu wa 2021/22 ulihamia Jangwani, ukakaa huko misimu minne mfululizo.

Sasa rudi kwa mzee mwenzangu na "wapewe wazawa" yake. Wapewe, ndiyo! Mecky Maxime alikuwa beki vilevile, nahodha wa Taifa Stars, mtu aliyekulia Mtibwa Sugar. Ndiye aliyeishika Ihefu katika miezi yake ya mwisho kwa jina la Ihefu. Msimu uliofuata Maxime alikuwa Dodoma Jiji na kiti kile kikawa cha Aussems. Kufika Desemba kikawa cha Mwalgeria, Miloud Hamdi. Februari 2025 Hamdi akaenda Yanga, kikawa cha Mkenya, David Ouma. Nionyeshe hapo uraia ulimsaidia nani. Mzawa na mgeni wanakalia kiti kimoja kisicho na mguu, nasi tunagombana nani kati yao anajua kukaa.

Mbeya tunao ushahidi wetu. Mbeya City iliingia ligi kuu mwaka 2013, na msimu uleule, chini ya Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulikuwa hautoshi. Watu walipanda miti. Mwambusi ni mzawa, lakini hilo silo lililomfanya awe bora. Alikuwa na vijana anaowafahamu na aliachiwa akae nao. Baadaye walipita Kinnah Phiri wa Malawi, Nsanzurwimo wa Burundi, Mathias Lule wa Uganda, na wazawa katikati yao, mpaka timu ikashuka daraja mwaka 2023. Ilipopanda tena mwaka 2025 nilifurahi kama mtoto.

Majirani zetu wa Zambia waliwahi kutupa somo. Mwaka 2008 walimchukua Hervé Renard, Mfaransa, beki wa zamani asiye na jina, ambaye alipoacha kucheza aliishi kwa kazi ya usafi wa majengo. Aliondoka 2010, nao hawakuona haya kumrudisha 2011. Februari 2012 wakawa mabingwa wa Afrika, Libreville, kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Kodivaa, katika mji uleule ambao timu yao ya taifa iliangamia baharini karibu nao mwaka 1993. Nao si malaika, mwaka 2013 Renard aliondoka tena. Ila walau walijua kurudi nyuma na kusema tulikosea.

Hapa ndipo pananipasa niseme kwa nini nilikaa kimya pale kwa fundi viatu.

Mwaka 1997 nilikuwa katibu wa kamati ya timu moja ya daraja la chini hapa mjini. Jina silitaji kwa kuwa baadhi yetu bado tupo hai. Tulipata kocha kutoka Zambia, beki mstaafu, aliyevuka Tunduma na begi moja na mipira miwili yake mwenyewe. Tulimwahidi posho na chumba. Chumba alipata. Kila asubuhi aliwafunga mabeki wanne kamba moja kiunoni, akawaendesha uwanja mzima kulia na kushoto, mmoja akichelewa wote wanaanguka. Watoto wa jirani walikuja kucheka, na sisi wa kamati tulicheka pamoja nao.

Tulipoteza mechi tatu za kwanza. Kikao kikaitwa usiku nyumbani kwa mfadhili wetu, mwenye malori. Alisema maneno matatu tu: "Huyu hapana, jamani." Mikono ikanyooshwa. Wangu ulinyooka pamoja na mingine, tena haraka, maana yeye ndiye aliyekuwa amenunua jezi.

Nikatumwa mimi kumwarifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Bwana Katibu, mechi tatu tumefungwa mabao mangapi?" Nikasema matatu, zote zilikuwa 1-0. "Na mwaka jana, mechi tatu za kwanza?" Daftari lilikuwa kwangu, nilijua ni 11. Nikasema sikumbuki.

Tulikuwa tunamdai shukrani na yeye alikuwa anatudai posho ya miezi miwili. Nilimsindikiza stendi, akajilipia nauli mwenyewe. Mipira ilibaki kwetu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumrudishia, na mimi sikukumbusha.

Kwa hiyo ninaposikia klabu imeachana na kocha "kwa makubaliano ya pande zote mbili", siulizi kocha ni wa wapi. Nauliza majina ya walionyoosha mikono. Nataka yaandikwe gazetini siku ileile, pamoja na idadi ya makocha waliokwisha kuwafukuza kabla yake, na kama mshahara wa mwisho umelipwa. Mchezaji akicheza vibaya tunaijua namba yake ya jezi. Kocha akipoteza tunaijua hata nywele yake. Mtu aliyewaajiri na kuwafukuza watu sita tunamwita mdau, tunampisha kiti cha mbele.

Nimeambiwa nisiandike haya kwa kuwa wenye fedha wakiudhika watahamisha timu. Kwa Mbarali walishahamisha, na hapakuwa na mtu aliyewaudhi.

Kamati yetu ya 1997 haikujiuzulu mjumbe hata mmoja. Yule mwenye malori alidumu misimu minne, tukapitisha makocha watano, watatu wazawa na wawili wa kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka wa tano akachoka, akachukua jezi zake. Mabeki wetu wanne walikwenda kucheza timu nyingine, na kamba ile mmoja wao aliifungia mbuzi.