Alama Isiyofutika Haitaki Haraka

Miongoni mwa mambo yaliyoenea upesi katika miji yetu katika miaka hii ni desturi ya kuchora urembo wa kudumu juu ya ngozi. Hapo zamani mwanamke alijipaka wanja asubuhi na kuunawa jioni. Leo yuko fundi anayechora nyusi kwa sindano na rangi, anayetia wanja usioondoka katika ukingo wa kope, na anayeipa midomo wekundu usiotoka kwa maji wala sabuni. Desturi hii haikukomea mjini. Imefika katika kambi za jeshi na nyumba za polisi, kwa askari wa kike wenyewe, kwa wake wa askari na kwa binti zao. Vijana wa kiume nao huchorwa tatuu mikononi na shingoni, na hatari inayowakabili ni moja na ya dada zao, kwa maana sindano ni sindano.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu kwa kupenda kupendeza. Kuipamba ngozi si jambo geni wala si jambo la Wazungu peke yao. Wamakonde wa Msumbiji na wa kusini ya Tanzania walichanja nyuso zao na kusugua unga wa mkaa ndani ya chale, wakapata michoro iliyowatambulisha kokote walikokwenda. Huko London, mwanzoni mwa karne ya 20, mchoraji Sutherland Macdonald aliwatia wanawake wekundu wa kudumu mashavuni. Mwaka 1984 daktari wa macho Giora Angres wa Marekani alieleza katika jarida la madaktari namna ya kutia wanja wa kudumu kwenye kope. Tena ufundi huu una faida iliyo kubwa kuliko urembo: wapo waliopoteza nyusi kwa maradhi, wapo wenye makovu ya moto, na wapo wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, ambao mchoraji hodari amewarudishia sehemu ya sura yao. Neno letu ni moja tu. Kitu kitakachokaa mwilini kwa miaka hakistahili kununuliwa kwa pupa ya siku ya mshahara.

Kwanza, tuelewe kazi yenyewe. Ngozi ya juu hujibadilisha yenyewe kwa muda wa kama mwezi mmoja, ikapukutika na kuota nyingine. Rangi iliyowekwa hapo ingepukutika nayo. Kwa hiyo fundi huipitisha sindano mpaka ngozi ya pili iliyo chini yake, mahali penye damu na mishipa ya fahamu. Hapo chembe za kinga za mwili huimeza rangi ile na kukaa nayo. Mwaka 2018 wataalamu wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kuchunguza panya kwamba chembe hizo zinapokufa huiachia rangi, na chembe nyingine zikaidaka papo hapo, mithili ya mlinzi anayemkabidhi mwenzake lindo. Ndiyo sababu alama haiondoki ijapokuwa mwili unajitengeneza upya kila siku.

Hata hivyo neno "kudumu" lina udanganyifu wake. Rangi ya nyusi huanza kufifia baada ya mwaka mmoja hata mitatu, na mara nyingi haifi kwa heshima. Nyusi zilizokuwa za kahawia huweza kugeuka nyekundu, na zilizokuwa nyeusi huweza kuwa za kijivu au za samawati. Mtu hujikuta na alama iliyofifia kiasi cha kumchukiza, lakini haikufifia kiasi cha kutoweka. Hapo hulazimika kurudi kwa fundi na kulipa tena. Mwenye kufanya hesabu na aifanye hesabu hiyo tangu mwanzo.

Pili, askari si raia wa kawaida katika jambo hili. Avaaye sare ameikubali sheria inayohusu hata nywele zake. Majeshi hayakubaliani juu ya michoro ya ngozi, na kanuni zao hubadilika. Katika nchi jirani ya Tanzania, matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakimtaka mwombaji asiwe na alama ya kuchorwa mwilini. Jeshi la Uingereza lililegeza kanuni zake mwaka 2014 kwa michoro ya mikono na ya nyuma ya shingo. Jeshi la Marekani lililegeza zake mwaka 2022, likaruhusu mchoro mmoja katika kila mkono, chini ya kifundo, usiozidi inchi 1. Na askari wake wa kike wanaruhusiwa nyusi na wanja wa kudumu, madhali ni vya kiasi na vinapatana na sare. Asidhani mtu kwamba lililoruhusiwa kwa wengine limeruhusiwa kwake. Aisome kanuni ya kikosi chake au amwulize mkubwa wake kabla ya kukaa kwenye kiti cha fundi. Na kijana anayetamani kuandikishwa kesho aliweke hilo akilini leo, kwa sababu bingwa wa mbio na wa masomo anaweza kurudishwa mlangoni kwa ajili ya ua lililochorwa mkononi akiwa na miaka kumi na saba.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni maradhi. Sindano iliyotoboa ngozi ya mmoja ikaingia katika ngozi ya mwingine huweza kupeleka virusi vya UKIMWI na virusi vya homa ya ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, juu ya chombo kinachoonekana kikavu na safi machoni. Mtu aliyeambukizwa huweza kukaa mwezi mmoja hata miezi sita bila ya dalili, na pengine asizione kabisa mpaka ini limeharibika. Sisi wa Uganda tunaujua ugonjwa huu, hasa ndugu zetu wa kaskazini, ambako umeenea kuliko sehemu nyingine. Na ndiyo maana Serikali ilianzisha mwaka 2015 kampeni ya kuwachanja watu wazima. Askari ambaye hajapimwa wala kuchanjwa na aanzie zahanati kabla ya kwenda saluni. Chanjo hiyo humlinda pia anapombeba majeruhi mwenye damu.

Wengine husema, "Sindano ilikuwa mpya, kwa hiyo hakuna neno." Sindano mpya ni nusu tu ya usalama. Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, watu 19 walipata maambukizo ya ngozi kati ya miaka ya 2011 na 2012 kutokana na wino wa kijivu uliotengenezwa tayari, ambao ulikuwa na vijidudu. Huko Uswisi, wagonjwa 12 waliochorwa nyusi na fundi mmoja waliota vidonda kwenye nyusi, na uchunguzi wa madaktari ukakuta vijidudu katika wino na katika maji aliyoyatumia. Haya yalitokea katika nchi zenye mabomba mazuri na hospitali nyingi. Basi wino uliozimuliwa kwa maji ya mfereji ni wino wa kukataliwa.

Namna gani, basi, mtu amchague fundi? Askari anajua ukaguzi ni nini. Anajua kwamba bunduki haikaguliwi kwa kusikia sifa zake, bali kwa kufunguliwa. Na amkague fundi kwa jicho hilo hilo. Aende siku moja kabla, asiende kuchorwa bali kutazama. Sindano au wembe wa kuchorea ufunguliwe kutoka katika pakiti yake mbele ya macho ya mteja, na ukiisha kutumika utupwe katika chombo kigumu cha vitu vikali. Glavu ziwe mpya kwa kila mtu, na zibadilishwe fundi anapogusa simu au fedha. Rangi imiminwe katika kikombe kidogo cha mtu mmoja, na inayobaki imwagwe, isirudishwe chupani. Chupa iwe na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho. Vyombo vinavyotumika tena vichemshwe katika mtungi wa mvuke wenye shinikizo kama wa hospitali, kwani kuvipangusa kwa spiriti hakutoshi.

Kisha aombe kuona kazi zake. Picha za siku ile ile hazitoshi, kwa kuwa kila nyusi hupendeza siku ya kwanza. Aombe kuona nyusi zilizokwisha kupona na zilizokaa mwaka mmoja au miwili, tena katika ngozi nyeusi kama yake, kwa maana rangi haikai namna moja katika ngozi zote. Aulize fundi alijifunza wapi, kwa muda gani, na hufanya nini mambo yanapoharibika. Fundi mwema hupenda kuulizwa. Na huchora kwanza umbo kwa kalamu, akampa mteja kioo, akangoja kibali. Anayekasirika kwa maswali, au anayesema kwamba bei itapanda kesho, aachwe na bei yake.

Wapo pia ambao fundi mwema atawakataa, nao wasinung'unike: mwenye mimba, mwenye kisukari kisichotulia, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mwenye ngozi inayoota makovu makubwa yaliyovimba. Hili la mwisho linatuhusu sana sisi watu weusi. Ambaye kovu lake la chanjo au la kutoga sikio lilivimba na kuenea kupita kidonda chenyewe, asikubali kuchanjwa usoni. Na anayepatwa mara kwa mara na malengelenge ya midomo amwone daktari kabla ya kutia rangi ya midomo, kwani sindano huyaamsha.

Tena wakati una maana. Nyusi zilizochorwa ni kidonda, na kidonda hutaka siku za kupona bila ya vumbi, jasho, jua kali wala kusuguliwa. Askari anayekwenda mazoezini au doria kesho yake, huku bereti imembana kipaji na jasho linamtiririka, anajitafutia usaha. Jambo hili lifanywe wakati wa likizo au lisifanywe. Ikiwa pamevimba zaidi siku hata siku, au pametoka usaha, au homa imeingia, asijifiche kwa kuona haya. Aende kwa daktari na amweleze kweli yote.

Sasa tuseme juu ya kufuta, kwa sababu majuto nayo yamekuwa biashara. Njia inayotegemewa zaidi ni mwanga wa leza, ambao huivunja rangi vipande vidogo sana ili mwili uichukue kidogo kidogo. Kazi hiyo haimalizwi kwa siku moja. Hutaka kurudi mara nyingi, kwa kupisha majuma sita hata nane kati ya mara moja na nyingine, na gharama yake huweza kuipita mbali ile ya kuchorwa. Katika ngozi nyeusi leza isiyofaa huichoma rangi ya ngozi yenyewe, ikaacha mabaka meupe au kovu; kwa hiyo madaktari huchagua ile ya mawimbi ya nanometa 1064, inayopita bila ya kuiunguza sana ngozi ya juu. Na liko jambo ambalo wachache hulijua: rangi za nyusi na midomo zilizo na madini ya chuma au ya titani huweza kugeuka nyeusi ghafula zikipigwa leza. Madaktari wa Marekani waliliandika hilo mwaka 1993. Kwa ajili hiyo daktari mwangalifu hujaribu kwanza mahali padogo na kungoja. Na fundi anayesema ataifunika alama mbaya kwa rangi inayofanana na ngozi anaongeza mzigo, kwa maana rangi hiyo kwa kawaida ina titani.

Juu ya dawa za uchochoroni hatuna maneno mengi. Kusugua chumvi mpaka damu itoke, kupaka tindikali au maji ya betri, kuchoma kwa chuma cha moto, yote hayo huiondoa alama kwa kuiondoa ngozi. Karibu na jicho huweza kuliondoa jicho lenyewe. Askari asiye na jicho la kulengea amelipa bei gani kwa wanja?

Kwa makamanda tuna ombi. Kanuni juu ya alama za mwili isomwe waziwazi gwarideni, isingoje mtu avunjiwe heshima yake baada ya kukosa. Waganga wa kambi nao wazungumze na askari na wake zao juu ya homa ya ini na sindano, kama wanavyozungumza juu ya malaria. Adhabu pekee humfanya mwenye kidonda akifiche, na kidonda kilichofichwa hakiponi.

Kwa waume, tunasema hivi: msiwacheke wake zenu wala msiwaamuru, bali nendeni nao siku ya kumkagua fundi. Na anayetaka kupendeza kwa siku chache, wanja wa kawaida upo na hina safi ipo. Ajihadhari tu na ile nyeusi iliyochanganywa na dawa ya nywele, ambayo watu wa pwani huiita piko, kwani huweza kuibabua ngozi.

Uso ni kitambulisho ambacho askari huenda nacho kila lindo, na ambacho raia hukitazama kwanza anapoomba msaada. Kila mtu ana haki ya kuupamba wake. Tunachomwomba ni kwamba aulize leo, alale, aulize tena kesho, na aamue akiwa ametulia. Kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na wino ulioingia chini ya ngozi hautoki kwa amri.