Pishi Moja kwa Wote
Nchini Uingereza mwanamke aliyepita miaka 50 huletewa barua ya kumwita apigwe picha ya matiti ili kutafuta saratani, kisha huitwa kila baada ya miaka 3 hadi atimize 71. Nao utaratibu huo, ijapokuwa umeokoa roho nyingi, humhesabu aliyefiwa na mama na bibi kwa saratani hiyo sawasawa na yule ambaye katika ukoo wake haijapata kusikiwa. Lakini tangu mwaka 1990, mtaalamu wa jenetiki Mary-Claire King alipobainisha ya kuwa maradhi haya huweza kurithiwa kwa jeni iliyo katika kromosomu ya 17, udhuru wa kuwapimia wote kwa pishi moja umezidi kudhoofika. Maana mwenye jeni hiyo yenye kasoro yampasa aanze mapema, tena kwa mashine ya sumaku iyaonayo yale yanayoipita eksirei, na mwenye hatari ndogo aepushwe na hofu ya picha zenye shaka na sindano za kutolewa nyama bure. Insafu ni kumpa kila mmoja haki yake, na mwanzo wake ni suali lisilogharimu hata senti, ambalo kila tabibu aweza kuliuliza leo: nani katika jamaa zako aliugua, naye alikuwa na umri gani?