Chumvi Isisingiziwe

Kila yanapojadiliwa majitaka ya miji ya pwani, husikika hoja kwamba maji ya visima vya chumvi, yakishapita chooni na kufika mtamboni, huwaua bakteria wanaokula uchafu, na kwa hiyo hakuna njia iliyobaki isipokuwa bomba la kuyapeleka baharini. Hoja hiyo imerudiwa wiki hii katika ukumbi wa hoteli moja ya ufukweni, mbele ya wataalamu waliotikisa vichwa kukubali huku chai na sambusa zikipoa. Iliyotolewa pale ni nusu ya elimu, na nusu iliyofichwa ndiyo yenye manufaa.

Ni kweli kwamba usafishaji wa kibayolojia, yaani ule unaowatumia bakteria kula uchafu ulioyeyuka, hutetereka chumvi inapoingia kwa ghafla: bakteria waliozoea maji baridi hupoteza maji ya ndani ya seli zao, na tope hai, ambalo ni vibonge vya bakteria vinavyopaswa kutuama chini ya tangi, husambaratika na kuyaacha maji ya juu na ukungu. Hata hivyo, kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka kwa chumvi, kwa kuwa bahari yenyewe, yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, imejaa bakteria tangu enzi na enzi bila ya kikao chochote kuwahurumia.

Mfano ni Hong Kong, ambayo imekuwa ikitumia maji ya bahari vyooni tangu miaka ya 1950, na ukame wa 1963, wakazi walipogawiwa maji kwa saa 4 tu kila baada ya siku 4, uliwafundisha thamani ya maji baridi. Leo takriban asilimia 85 ya wakazi wake hutumia maji hayo ya bahari, na watafiti wa huko wamebuni njia inayoitumia chumvi kama mali. Maji ya bahari yana salfeti, takriban gramu 2.7 kwa lita, ambayo bakteria fulani huivuta badala ya oksijeni wanapokula uchafu, kisha hutoa salfaidi, ile inayonuka mayai viza na ambayo, ikiachwa kwenye mabomba, huzaa asidi inayolila zege. Ndani ya mtambo, salfaidi hiyo huwa chakula cha kundi la pili, linaloigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, na kwa kuwa bakteria hawa hukua polepole, tope la kutupwa hupungua sana.

Haidaiwi hapa kwamba mtambo wa namna hiyo uhamishiwe Dar es Salaam kesho, ambako kaya nyingi bado hutegemea mashimo ya vyoo na magari ya kunyonya. Linalodaiwa ni dogo zaidi: atakayeilaumu tena chumvi katika kikao kijacho aje na vipimo vya chumvi ya majitaka ya mji wake, kwani kifaa cha kuipima huingia katika mfuko wa shati, na bei yake haifiki gharama ya chai iliyonywewa wiki hii.