Rufaa za Wanyonge Zisikilizwe, Zisicheleweshwe

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili huvutana kila mwananchi anapokata rufaa baada ya kaya yake kuondolewa katika orodha ya wanaopata msaada wa Serikali.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa na TASAF mwaka 2012, uliwapa wanakijiji jukumu la kuzitaja kaya maskini katika mkutano wa hadhara, kisha dodoso likatumika kuthibitisha. Utaratibu huo ni mzuri, lakini si mkamilifu. Yuko anayeachwa kwa kuwa siku ya mkutano alikuwa mgonjwa. Yuko anayefutwa kwa kuwa nyumba yake ina bati, ingawa bati hilo liliezekwa na mwanawe ambaye sasa ni marehemu. Dodoso halina nafasi ya maelezo kama hayo. Ni lazima mwenyewe asikilizwe.

Katiba yetu, ibara ya 13(6), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Ibara ya 107A inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Ni wajibu wa halmashauri nazo kufuata moyo huo huo.

Kwa mzee wa kisiwa cha Rukuba, kuitwa Musoma kusikilizwa ni nauli ya mtumbwi, kungoja ziwa litulie, na pengine kulala mjini. Akiambiwa "njoo kesho", safari yote imepotea. Ruzuku ilipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Hivyo rufaa ikikaa miezi sita, kaya imekosa malipo matatu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, makosa ya majina na namba yasahihishwe kwa karatasi, bila kikao. Vikao viwekwe kwa mashauri yanayobishaniwa. Pili, kikao kimfuate mwananchi: ofisa afike Mugango na avuke hadi visiwani, asikilize rufaa zote kwa safari moja. Tatu, uamuzi utolewe kwa maandishi, pamoja na sababu zake, kabla ya malipo yanayofuata. Na aliyekuwa akilipwa asikatiwe kabla ya uamuzi.

Wapo watakaosema kwamba hivyo tutawalinda wadanganyifu. Ni kweli kaya hewa zilikuwapo, na mwaka 2016 maelfu ziliondolewa. Lakini kaya hewa haiwezi kusimama mbele ya majirani ikajieleza. Mnyonge wa kweli anaweza.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana wajibu wa kupeleka malalamiko mapema na kusema kweli tupu. Wakishatimiza hayo, ofisa hana sababu ya kuwaweka wakingoja.